Petunia au jeraniamu? Kuchagua kikapu cha maua cha kuning'iniza kwa nyumba ya Goma

Kwenye mitaa ya Goma iliyopitiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mnamo Januari 2002, kuanzia upande wa uwanja wa ndege hadi katikati ya mji, jembe halina kazi. Parsele ni mwamba mweusi. Anayetaka maua ardhini lazima anunue udongo kwa magunia, aumwage juu ya mawe, kisha aitazame mvua ikiuteremsha polepole ndani ya nyufa. Kwa hiyo kikapu cha kuning'iniza hapa si pambo la ziada. Kwa nyumba nyingi za mbao ndicho bustani yenyewe: lita kumi za udongo mzuri zilizofungwa mahali pamoja, juu ya kuku na mbali na mikono ya watoto.

Watu wakishaamua kutundika kikapu huuliza mara moja wapande ua gani. Mimi naona ua lije la tatu. Kwanza jua nyumba yako inatazama wapi, pili jua maji yako yanatoka wapi. Ukiyajibu hayo mawili kwa ukweli, ua linajichagua lenyewe, na hutapoteza faranga zako kwa mmea mzuri usiofaa mahali pako.

Ukuta gani

Vitabu na video nyingi za bustani zinatoka Ulaya na Marekani, na karibu zote zinasema kikapu cha maua ya jua kitundikwe kwenye ukuta unaoelekea kusini. Huo ni ushauri mzuri kwa mtu wa Brussels. Goma iko chini kidogo tu ya Ikweta, kwenye digrii 1 na dakika 40 hivi za kusini, na jua letu linahama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Ukuta wa kusini unaochomwa mwezi wa kumi na mbili utakuwa kivulini mwezi wa sita. Tena jua la adhuhuri hapa linapanda juu sana, kiasi kwamba mabati yaliyotokeza sentimita 60 nje ya ukuta yanaziba jua kwa zaidi ya mita moja kwenda chini. Kikapu kilichosogezwa karibu na ukuta wa kusini au wa kaskazini, chini ya paa, kihesabu kuwa cha kivulini karibu mwaka mzima.

Pande zisizobadilika ni mashariki na magharibi. Mashariki inapata jua tangu linapochomoza hadi kukaribia saa tano, wakati ambao anga ya Goma mara nyingi iko wazi. Mawingu na mvua hujikusanya zaidi alasiri. Magharibi inaibiwa jua na mawingu hayo wakati wa mvua, halafu kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane inalipata lote kwa mkupuo, mabati yamekwisha kupata moto na udongo wa kikapu umekwisha kukauka. Kwa maua ya jua nachagua mashariki bila kusita. Kama nyumba yako ina baraza ya magharibi peke yake, usikate tamaa, lakini soma kwa makini habari za jeraniamu hapa chini.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Simama mahali utakapotundika, saa tatu asubuhi na tena saa tisa alasiri, unyooshe mkono. Kivuli chenye ukingo mkali maana yake ni jua kamili. Kivuli hafifu, au kutokuwa na kivuli kabisa, maana yake usinunue petunia.

Petunia na jeraniamu ya kutambaa

Hii ndiyo vita yenyewe, kwa sababu ndiyo mimea miwili ya jua inayoning'inia vizuri na kuchanua mfululizo. Kwa muuza maua wa kando ya barabara, petunia inashinda kabla hujafungua pochi.

"Mama, chukua hii, ona ilivyojaa," kijana atakwambia.

"Na ile ya majani mazito?"

"Ile inakawia, mama."

Anasema kweli. Petunia ikipandwa vizuri inajaza kikapu ndani ya wiki sita hadi nane. Jeraniamu ya kutambaa, ile ambayo wataalamu wanaiita Pelargonium peltatum, yenye jani nene linalong'aa na pembe tano, inachukua miezi mitatu kabla ya kuanza kuteremka kwa uzuri. Mwenye harusi au komunyo ya mtoto baada ya miezi miwili achukue petunia na asisikilize mtu.

Lakini tuangalie asili ya kila mmoja. Petunia zilitokana na mimea ya Amerika ya Kusini, kisha zikazalishwa upya Ulaya, Japani na Marekani kwa ajili ya majira ya joto ya huko, ambako mchana unafika saa 15 au 16. Aina nyingi za petunia za kutambaa husubiri mchana mrefu ndipo zichanue kwa wingi. Hapa kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima. Petunia itachanua, ndiyo, ila inachelewa kuanza, inarefusha mashina, na maua yanakaa nchani huku katikati pamebaki majani matupu. Ile picha uliyoiona mtandaoni, ya tufe zima la maua bila jani kuonekana, ilipigwa chini ya jua la saa 15. Jeraniamu haihesabu saa za mchana. Ikipata mwanga wa kutosha inachanua Januari, inachanua Julai.

Jambo la pili ni vumbi, na hili sijaliona likitajwa na mtu wa Ulaya. Shika jani la petunia kati ya vidole viwili. Linanata. Lina vinyweleo vidogo vyenye ute, na wakati wa kiangazi, gari zikipita kwenye barabara ya mawe, vumbi jeusi la volkano linagandama humo na halitoki kwa kupuliziwa wala kwa mvua ndogo. Baada ya wiki mbili mmea unakuwa wa kijivu, na jani lililofunikwa namna hiyo halipati mwanga wake. Jani la jeraniamu ya kutambaa ni laini na gumu. Ndoo moja ya maji ikimwagwa kwa mkono juu yake, vumbi lote linashuka. Nyumba iliyo mita chache kutoka barabara isiyo na lami imekwisha kupata jibu lake hapa.

Mvua nayo inapiga upande ule ule. Ua kubwa la petunia likipigwa na mvua nzito linalegea kama karatasi iliyolowa, na likibaki limelala juu ya majani kwa siku mbili za unyevu linaleta ukungu wa kijivu unaooza hadi shina. Ukitaka petunia lazima, tafuta zile za ua dogo. Zinavumilia mvua kuliko za ua pana, hata kama hazipendezi sana machoni sokoni.

Sitaki uamini kwamba jeraniamu haina kasoro. Ikinyweshwa mno wakati hewa ina unyevu mwingi, mizizi inaleta maji mengi kuliko jani linavyoweza kuyatoa, na chini ya jani vinatokea vipele vya rangi ya gome la mti. Watu wanadhani ni ugonjwa, wananunua dawa. Hakuna dawa hapo: punguza maji, sogeza kikapu penye hewa, majani mapya yatatoka safi. Pia wingi wa maua yake kwa siku moja hauifikii petunia nzuri. Inachanua kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu unaona majani. Mimi majani hayo nayapenda, lakini mwingine atayaona kama upungufu, na macho ni yake.

Kuhusu kazi ya mikono, tofauti ni kubwa. Petunia inataka kusafishwa kila baada ya siku mbili tatu. Na kuna namna: ukivuta ua lililonyauka linatoka mkononi kwa urahisi, unadhani umemaliza, kumbe kikombe kidogo cha kijani chini yake kimebaki, na humo ndimo mbegu zinakua. Mmea ukianza kulea mbegu unapunguza maua. Kata na kikonyo chake. Jeraniamu unasubiri fungu zima likauke, unainamisha kikonyo pembeni hadi kivunjike kwenye kiungo chake, basi, mara moja kwa wiki inatosha.

Na maisha: petunia baada ya miezi michache inachoka, inahitaji kukatwa nusu, na mara nyingi ni bora kupanda upya. Jeraniamu inaishi miaka. Tena kipande cha shina cha sentimita 8 hadi 10, kikiachwa kivulini nusu siku jeraha likauke kisha kikachomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kinatoa mizizi ndani ya wiki tatu au nne. Mche mmoja ulionunuliwa leo unaweza kujaza vikapu vya jirani zako wote mwakani.

Maji ya ziwa, maji ya mvua

Wengi hapa tunakunywa na kunywesha maji ya Ziwa Kivu, yawe ya robine ya REGIDESO, shirika la maji, inayoyavuta ziwani, au ya bidoni iliyopandishwa kutoka Kituku, kando ya ziwa, kwa mgongo au kwa chukudu, kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili. Maji hayo yana magadi na chumvi nyingi za madini. pH yake, yaani kipimo cha uchachu na magadi ambacho katikati yake ni 7, inakaribia 9 kwenye uso wa ziwa. Mchicha wa ardhini unaweza kuyavumilia, kwa kuwa mvua inasafisha udongo. Ndani ya kikapu chenye lita kumi za udongo kilicho chini ya paa, mvua haifiki, na magadi yanajilimbikiza kila siku unaponywesha.

Petunia ndiyo ya kwanza kulia. Inapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.5 hadi 6. Udongo ukipanda juu ya hapo, mizizi inashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo. Utaona majani machanga, yale ya nchani, yanakuwa ya njano huku mishipa yake imebaki ya kijani. Watu wanaongeza mbolea, na njano inabaki pale pale. Jeraniamu inakaa vizuri kwenye pH ya 6 hadi karibu 7, kwa hiyo inaweza kukaa muda mrefu kwenye maji ya ziwa kabla ya kulalamika.

Maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati ni mepesi na yana uchachu, na kuyachanganya na ya ziwa, au kuyabadilisha zamu, ni tiba nzuri. Ila Goma tuna Nyiragongo. Moshi wake mara nyingi unaelekea magharibi, lakini ukigeukia mjini, mvua inayopita ndani yake inakuwa na uchachu mkali na inabeba floridi. Mvua ya kwanza baada ya siku za ukavu usiichote kwa ajili ya maua. Iache ioshe mabati, uchote inayofuata. Kuna mmea mmoja unaotumika sana kujaza vikapu, ule wa majani membamba ya kijani na mistari myeupe unaoning'iniza watoto wake kwa nyuzi, Chlorophytum. Huo unachukia floridi, na ncha za majani yake zinaungua kahawia. Ukiuona hivyo nyumbani kwako, usiumwagie mbolea. Badilisha maji.

Na majivu ya makala, ambayo kila mtu anayashauri kama mbolea? Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu yanasaidia sana, yana potasiamu. Kwenye kikapu kinachonyweshwa maji ya Kivu yanaongeza magadi juu ya magadi. Hapo mimi siyaweki kabisa.

Kwa kiasi, kikapu cha upana wa sentimita 35 chenye petunia zilizokomaa, upande wa jua, kinataka kunyweshwa kila siku, na katikati ya kiangazi asubuhi na jioni, lita moja hadi mbili kila mara ili maji yafike chini. Cha jeraniamu kinaweza kungoja siku mbili, hata tatu. Kwa nyumba inayonunua maji kwa bidoni ya lita 20, vikapu vinne vya petunia ni karibu nusu bidoni kwa siku. Hesabu hiyo ifanywe na yule anayebeba bidoni, kabla ya kwenda kwa muuza maua.

Kwa baraza ya kivuli

Hapa kuna impatiensi na kuna fuksia, na sitakawia, kwa sababu kwa nyumba nyingi impatiensi inatosha.

Impatiensi ya kawaida (Impatiens walleriana) ni mwana wa Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na hali ya hewa ya Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, inaikubali mwaka mzima. Inachanua bila kujali urefu wa mchana, haihitaji kukatwa maua, na kijiti chake kinatoa mizizi kwenye glasi ya maji. Inaponyauka kwa kiu inalala chini yote, unadhani imekufa. Ukiinywesha, baada ya saa mbili imesimama. Usiizoeshe lakini, kwa sababu kila mara inapolala inaangusha maua machanga. Ogopa jambo moja: majani yakianza kuwa ya njano na chini yake pakawa na unga mweupe, ni ukungu usio na tiba. Toa mmea wote, tupa na udongo wake, na usirudishe impatiensi kwenye chombo hicho.

Fuksia ni nzuri kuliko zote ukiitazama kutoka chini, na kikapu hutazamwa kutoka chini. Maua yake yanainama yenyewe na kukufunulia ndani. Inapenda ubaridi wetu, inachukia upepo mkavu. Tatizo ni lile la petunia: aina nyingi za fuksia hungoja mchana mrefu. Kwa hiyo usinunue fuksia isiyo na maua kwa ahadi ya picha. Nunua ile unayoikuta imechanua hapa hapa mjini, kwa maana hiyo imekwisha kuthibitisha kwamba saa 12 zinaitosha.

Kuna pia impatiensi ya mwitu ya misitu ya Afrika ya Kati, Kongo ikiwamo, Impatiens niamniamensis, yenye ua jekundu na njano lililopinda mkia. Ni ajabu ya kuona. Ukipewa kijiti na mtu aliyeikuza nyumbani, pokea kwa mikono miwili. Kuing'oa ndani ya mbuga ya Virunga, hapana. Mbuga hiyo inalindwa tangu 1925 na ina maadui wa kutosha.

Kwa kujaza pembeni, penye jua na penye kivuli, usidharau matembele. Shina moja kutoka sokoni linateremka mita nzima, halidai kitu, na majani yake yanaingia chunguni.

Chombo: waya au plastiki

Kikapu cha waya ndicho kinachotoa ule mviringo wa maua hadi chini, kwa sababu unapanda na pembeni. Chombo cha plastiki kilichozibwa unapanda juu tu, na unangoja mimea iteremke. Kwa uzuri, waya unashinda mbali. Kwa maji, plastiki inashinda, kwa sababu upepo wa ziwani unaokuja mchana unakausha kikapu cha waya kutoka kila upande.

Ningesema hivi: petunia kwenye waya ni kazi ya mtu aliye nyumbani kila siku. Jeraniamu kwenye plastiki ni ya mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni. Jeraniamu kwenye waya inawezekana kabisa, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Petunia kwenye chombo kidogo cha plastiki cha sentimita 25 ni kujitafutia huzuni: humo mna lita 4 tu za udongo. Cha sentimita 30 kina lita 7, cha 35 kina lita 11, cha 40 kinakaribia 17. Sentimita tano tu zinaongeza nusu ya udongo au zaidi. Pesa ikiwa kidogo, nunua chombo kimoja kikubwa badala ya viwili vidogo.

Kwa kuzungushia ndani ya waya, nyuzi za nazi zinazouzwa madukani ni nzuri lakini ni za kutoka mbali. Maganda makavu ya mgomba yanafaa kwa miezi michache, kisha yanaoza. Kinachodumu ni sweta nzito ya sufu ya mitumba, iliyokatwa na kulazwa ndani, rangi ya kijani au nyeusi. Katikati ya chini weka kitako cha chupa ya plastiki kiwe kisahani cha kubakiza maji kidogo. Chombo cha plastiki chenye kisahani chake kwa nje, mwaga maji yaliyobaki angalau mara moja kwa wiki, kabla mbu hawajamaliza kukua humo.

Udongo wa shamba peke yake usiujaze. Lita 11 za udongo mzito uliolowa zinafika kilo 20, na ubao wa nyumba haukutengenezwa kubeba hivyo. Changanya mboji iliyoiva sehemu mbili, udongo mweusi sehemu moja, na sehemu moja ya vijiwe vyeusi vyepesi vya volkano, vile vyenye vitundu, vilivyochekechwa hadi ukubwa wa punje ya mahindi na kuoshwa vumbi. Vijiwe hivi ni utajiri wa Goma: vinapitisha hewa, vinashika maji ndani ya vitundu, na viko chini ya miguu yetu. Kikapu hicho hicho kinashuka hadi kilo 13 au 14. Ndoano ikazwe kwenye mti unaobeba mabati, kamwe si kwenye ubao wa ukuta, na ndani ya mstari wa matone, kwa maana maji yanayomwagika kutoka mabati wakati wa mvua kubwa yanachimba udongo wote kwa mchana mmoja.

Kupanda pembeni ya waya kunataka subira. Jaza udongo hadi theluthi, toboa sufu kwa mkasi kwa upana wa vidole viwili. Chukua mche, yakunje majani yake ndani ya kipande cha karatasi hadi yawe bomba jembamba, upitishe bomba hilo kutoka ndani kwenda nje. Mizizi inabaki ndani, imelala juu ya udongo bila kubanwa. Vuta karatasi polepole, majani yanafunguka. Miche minne kuzunguka, udongo tena, minne mingine ikipishana na ya chini, kisha mitatu juu. Ya juu usiijaze hadi ukingo. Acha sentimita tatu ili maji yasimame kabla ya kuzama. Chomeka katikati chupa iliyokatwa kitako, kifuniko chake kimetobolewa na kimeelekea chini, nayo itapeleka maji kwenye mizizi badala ya kuyaacha yateleze pembeni.

Wiki mbili baadaye kata ncha za mashina yote. Inauma, kwa sababu unakata na vichipukizi vya maua, na maua yatachelewa wiki tatu au nne. Lakini kila shina lililokatwa linatoa mawili au matatu, na hakuna njia nyingine ya kupata kikapu kilichojaa. Kwa petunia ni lazima zaidi, kwa ile tabia yake ya kurefuka kwenye mchana wetu wa saa 12.

Baada ya wiki sita hivi chakula cha kwenye mboji kinakuwa kimekwisha kuondoka na maji. Kijiko cha chai cha mbolea ya dukani ya NPK 17-17-17, kikilowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji, ni chakula tosha: petunia kila wiki, jeraniamu na impatiensi kila wiki mbili, na daima juu ya udongo ambao tayari una unyevu.

Ningekuwa kwako

Baraza ya mashariki, maji ya robine, mtu yupo nyumbani: waya wa sentimita 35, jeraniamu sita na petunia za ua dogo tano. Petunia zitapendeza mwanzo, na zikichoka jeraniamu zimekwisha kushika nafasi.

Ukuta wa magharibi au nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi: jeraniamu peke yake, plastiki ya sentimita 40, miche mitano.

Baraza yenye kivuli, maji ya bidoni: impatiensi sita na mashina mawili ya matembele, plastiki pia.

Na kama kodi ya nyumba inaisha karibuni na huenda utahama, panda jeraniamu hata hivyo. Siku ya kuhama kata vijiti kumi, vifunge kwenye gazeti kavu, uviweke juu ya mizigo. Vinaweza kungoja siku mbili bila maji.

Wakati mzuri wa kuanza ni Septemba, mvua zinaporudi na vumbi kushuka. Anayeanza Mei aanze na jeraniamu tu, maana kiangazi cha Juni kitaikuta petunia bado haijashika.